Kumshika Kuku

Ninaogopa kuku. Nimeanza na neno hilo kwa sababu watu wakilisikia katikati ya habari hucheka, na wakishacheka hawasikii tena yanayofuata. Afadhali anayetaka kucheka acheke sasa.

Siogopi nyama yake. Nyama ya kuku nakula, hata shingo nakula. Ninayemwogopa ni yule anayetembea. Anasimama, anakutazama kwa jicho moja, halafu anageuza kichwa na kukutazama kwa lile jingine, na hujui mabawa yale atayafungua wakati gani. Akiyafungua karibu nami, kifua kinabana, masikio yanaziba, na miguu inakuwa kama si yangu. Siku moja nilipanda juu ya meza ya jirani na kuvunja sahani zake kwa sababu ya kifaranga. Wakati huo nilikuwa tayari msichana mkubwa, nimeanza kuvaa kikwembe, yaani kitenge.

Jambo hili lilianzia wapi, sijui. Mama anasema kwamba nilipokuwa natambaa, kuku mwenye vifaranga alinirukia kichwani. Siku nyingine anasema hapana, nilizaliwa hivyo, hata mgongoni mwake nilikuwa nalia nikiona unyoya. Mimi sikumbuki lolote kati ya hayo. Ninachokumbuka ni kwamba njia za mtaa wetu hapa Likasi nilizijua kwa kuku zake. Kwa fundi viatu kulikuwa na jogoo mkali. Kwa mjane wa pembeni kuku walikuwa wengi, lakini mchana walilala nyuma ya choo. Mama akinituma chumvi, nilizunguka mpaka barabara ya lami, nikachelewa, nikapigwa, na sikusema kwa nini nimechelewa. Ningesema nini? Mtoto akisema anaogopa nyoka, watu wanachukua fimbo na kumsaidia. Akisema anaogopa kuku, wanamletea kuku ili wacheke.

Nilipomaliza darasa la sita la msingi, shule ya sekondari ilikuwa upande wa pili wa soko. Kufika huko ilibidi kupita mahali wanaposimama watu wa baiskeli kutoka vijijini, wenye kuku walioning'inizwa kwenye usukani, miguu juu na vichwa chini. Nilikwenda siku chache. Kila asubuhi nilifika darasani nguo imelowa jasho mgongoni, na mwalimu akiandika ubaoni mimi nilikuwa nafikiria namna ya kurudi. Kisha nikamwambia mama kwamba masomo hayaingii kichwani. "Kama hayaingie, basi," akasema, akageuka kwenda kuanua nguo. Ndiyo maana naandika polepole, na maneno mengine namwuliza mdogo wangu.

Nikajifunza kusuka nywele, kwa sababu kazi hiyo inafanyika ndani. Mama aliuza mikate ya mafuta mbele ya lango, na kuku walikuja kuokota makombo, kwa hiyo mimi sikukaa huko. Wanawake walikuja chumbani kwangu, wakaketi chini kati ya magoti yangu, wakazungumza. Mimi si mtu wa maneno mengi. Walinipenda kwa hilo.

Lango letu la bati lilikuwa na nafasi chini, na kuku wa jirani walikuwa wakipita hapo kuingia lupango letu, yaani ua wetu. Mama alipochoka na makelele yangu, aliita fundi wa kuchomelea chuma. Alikuwa kijana mrefu, mpole. Alipiga magoti, akapima nafasi ile kwa kiganja, akacheka.

"Maman, huyu mwivi mwenye kupitaka hapa chini, eko mwembamba namna gani?"

"Uliza binti yangu," mama akajibu. "Njo yeye anamuogopaka."

Nilikuwa nimesimama na kikombe cha maji yake. Sijui kwa nini nilimwambia mtu nisiyemjua jambo nililowaficha hata rafiki zangu. Nikasema, "Ni kuku."

Alicheka tena. Halafu akauona uso wangu, akaacha.

"Kweli?"

"Kweli."

"Basi nitafunga mpaka hata siafu watafute njia ingine."

Alifunga. Baada ya siku kadhaa alirudi kuangalia kama bati limeshika. Lilikuwa limeshika. Akarudi tena kuangalia.

Tulipoanza kutembea pamoja, yeye alikaa upande ule wenye kuku. Hakusema kitu mbele za watu. Alipiga tu jiwe dogo kwa ncha ya kiatu, kuku akakimbia, na sisi tukapita kama watu wengine. Mara nyingine alininong'oneza, "Pale mbele eko moja, tazama mawingu." Nilitazama mawingu. Nilipita naye njia za mtaa wangu ambazo sikuwahi kuzipita tangu kuzaliwa.

Kwao ni upande wa Mulungwishi, na baba yake ni mzee anayesikilizwa na ndugu zake wote. Walipokwisha kutoa sehemu ya kwanza ya mali, yaani mahari, mama yake alituma habari kwamba niende kupokea kuku.

Ni desturi ya kwao. Msichana aliyeposwa hupewa kuku hai na mama mkwe. Anapiga magoti, anampokea kwa mikono miwili mbele ya watu. Kisha anamchinja, anamnyonyoa, anamkata katika viungo vinavyojulikana bila kuvunja mfupa, na anampika peke yake. Sahani inapofika mbele ya wakwe, kila kitu kiwepo: kichwa, shingo, miguu, na firigisi, ambayo ni ya baba mkwe. Msichana akifanya hayo vizuri, wanasema mikono yake inaweza kushika nyumba.

Nilipoambiwa hayo, sikula siku ile. Mchumba wangu alisema nisijisumbue, atapanga. Na alipanga. Alinunua mjini kuku wa barafu, wale wanaokuja katika makatoni kutoka ng'ambo, tukamficha katika mfuko wangu chini ya kikwembe.

"Mama yangu akileta wake, miye nitamupokea, nitamupeleka kwa jirani. Weye unapika huyu. Ndani ya supu, kuku wote ni ndugu."

Nilicheka. Nilikuwa na furaha, kwa kweli. Yeye ni mwanamume, anakula kinachowekwa mbele yake bila kukihesabu. Mimi sikuwahi kukata kuku maishani mwangu. Mama alikuwa akimaliza kazi hiyo nyuma ya nyumba kabla sijamwona. Kwa hiyo hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba kuku wa katoni hana kichwa, hana miguu, na ndani ni mtupu.

Mama mkwe alitupokea vizuri. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini. Alitoka nyuma ya nyumba na kuku kwapani, mtetea wa kijivu, mwenye kitambaa chekundu kilichofungwa mguuni. Kuku wake wote huwafunga hivyo ili wasichanganyike na wa majirani.

"Karibu, mutoto wangu. Huyu njo kuku yako."

Nilipiga magoti, nikanyoosha mikono, nikafumba macho. Nikasikia sauti ya mchumba wangu juu ya kichwa changu: "Mama, huyu eko mukali, atamuchafulia kikwembe. Leta, nitamupelekea ku jiko."

Mama mkwe alisita. Kisha akacheka. "Mapendo ya siku hizi!" Wanawake waliokuwapo wakacheka pia.

Nikapika. Harufu ilikuwa nzuri. Nikasonga bukari, yaani ugali, nikapeleka sahani kwa magoti. Baba mkwe alinawa mikono, akachukua kijiko, akageuza vipande vya nyama. Akavigeuza tena.

"Mama," akaniambia kwa heshima, "firigisi iko wapi?"

Nikatazama mkeka.

"Na miguu? Hii kuku ilikuwa inatembelea nini?"

Wanaume wakacheka. Mchumba wangu akaanza, "Papa, labda..."

"Sikukuuliza weye."

Shangazi yake mmoja akasema kutoka pembeni, "Labda alionja kule ku jiko." Hapo hakuna aliyecheka, kwa maana kwao mwanamke anayekula firigisi jikoni amemvua mwanamume heshima yake.

Labda mambo yangeishia hapo, kwa karipio. Lakini jua lilikuwa linashuka, na kuku hulala kwao. Yule wa kijivu alitokea kwenye njia ya shambani, akavuka uwanja bila haraka, kitambaa chekundu mguuni, akapita mbele ya viti vyote. Kila mtu alimwona.

Mama mkwe aliuliza polepole, "Sasa huyu tunakula, ni nani?"

Sikupata hata nafasi ya kuona haya. Kuku aliona makombo ya bukari kwenye mkeka, akaja upande wangu. Nilisikia mtu anapiga kelele, na mtu huyo alikuwa mimi. Niliruka juu ya sahani. Nilipopata akili nilikuwa nyuma ya kiti cha baba mkwe, nimemshika shingoni kwa mikono yote miwili, nimeficha uso katika shati lake. Kwao, kama kwetu, mke wa mtoto hamgusi baba mkwe hata kidole. Mzee hakusogea. Alikaa wima kama mtu anayesubiri apigwe sindano, mpaka mchumba wangu alipokuja kunitoa.

Niliketi jikoni, wao wakaongea ndani. Dirisha lilikuwa wazi. Mchumba wangu aliwaambia ukweli wote.

"Muntu muzima anaogopa kuku?" shangazi akasema. "Kule Likasi kwenu hakuna kuku? Kuku njo inaogopaka muntu."

Mwingine akasema kwa sauti ya chini, "Kuku inaonaka mambo. Labda eko na kitu ndani yake."

"Nyamaza," mama mkwe akamkata. "Mutoto amelia mpaka ametapika. Mulozi hatapikake kwa sababu ya kuku."

Kisha baba mkwe akasema: "Hatukatai binti ya bantu. Atarudia. Hata asichinje, hata asipike. Amushike tu kuku mbele yetu, kwa mikono mbili, tuone. Akimushika, imekwisha, eko mutoto wetu. Akishindwa..."

Hakumaliza, na hakukuwa na haja.

Niliporudi nyumbani nilimweleza mama kila kitu, na kwa mara ya kwanza nilimweleza na habari ya shule. Aliweka chini beseni la unga. "Ulikuwa unapita pale soko kila asubuhi na ile woga yote, na ukanyamaza?" Hakunigombeza. Alikwenda kwa jirani, akaazima kuku.

Tulianza na unyoya, kwenye sahani, mbali. Mama aliusogeza kidogo kila jioni. Kisha kuku mwenyewe, mikononi mwa mama, mwisho wa uwanja, mimi nikiwa mlangoni. Mama alizungumza naye kama na mtoto, ili nisikie kwamba si kitu. "Tazama, anasinzia. Tazama, anakusalimu." Nilitazama. Watu wanafikiri mwenye woga wa namna hii hajui kitu. Nilijua. Nilijua kwamba ni ndege mdogo, kwamba ananiogopa, kwamba kesho ataliwa. Niliyasema hayo kimya kichwani, moja baada ya jingine, na meno yangu yaligongana vilevile. Usiku niliota mabawa, na asubuhi nilianza kuogopa jioni. Siku nilipoweka kidole kimoja mgongoni mwa kuku yule, mama alilia. Kuku alikuwa wa moto. Sikuwahi kufikiri kwamba kuku ni wa moto hivyo, na kwamba chini ya manyoya moyo wake unakimbia kama wangu.

Baadaye niliweza kumshika mama akiwa amemshika pia, mikono yake juu ya yangu. Peke yangu, bado. Lakini siku iliyopangwa ilifika.

Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Mama alikuja nami, lakini aliwekwa upande wa wageni, mbali. Mchumba wangu alisimama nyuma ya baba yake. Aliniangalia, kisha akainua macho juu, kwenye mawingu. Nikaelewa. Nikapiga magoti, nikatazama mawingu, nikanyoosha mikono.

Mama mkwe aliniwekea kuku.

Alipiga mabawa mara ile ile. Upepo wake ulinipiga usoni, na unyoya mmoja ukaniingia mdomoni. Kila kitu ndani yangu kilisema tupa. Sikutupa. Nilimvuta kifuani, nikakunja mikono juu yake, nikakaza. Niliwaza jambo moja tu, usimwachie, usimwachie, ukimwachia kuku umemwachia na mchumba wako. Sikuona tena mawingu, niliona weupe. Nikasikia vigelegele, na sauti ya mama mkwe ilikuwa juu ya zote. Wanaume walipiga makofi. Mtu akasema, "Tazama, ametulia. Kuku imemukubali."

Kweli alikuwa ametulia.

"Basi, mama," baba mkwe akasema. Sauti yake ilikuwa na furaha. "Tumeona. Muweke chini."

Nilitaka. Niliiambia mikono yangu ifunguke, na haikufunguka. Ilikuwa kama mikono ya mtu aliyelala.

"Muweke chini, mutoto wangu."

Vigelegele vilikoma kimoja kimoja. Mchumba wangu alikuja, akachuchumaa mbele yangu, akaanza kunifungua vidole. Alipofungua mkono wa pili, kichwa cha kuku kiliangukia upande, juu ya goti langu, kikabaki hapo.

Kisha shangazi yule, ambaye safari hii hakuwa na dhihaka hata kidogo, alisema, "Imekufa."

Mama yangu alikimbia kuvuka uwanja. Alinifunika kichwa kwa kikwembe chake, hapo hapo mbele ya wakwe, kama mtu anavyomfunika mgonjwa.

Hawakututukana. Walitupa maji, walituombea njia nzuri. Baadaye baba mkwe alimtuma ndugu yake kwetu kurudisha maneno. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, kofia magotini. "Hatuna hasira na binti yenu," akamwambia mama. "Tumeona alijikaza. Lakini kuku ya bibi-arusi imekufa mukononi mwake, na bazee wote wameona. Kesho akizaa, nani atamupa mutoto ashike?" Mama alijibu kwamba mali yao itarudi, na ikarudi.

Mchumba wangu hakukubali. Alikuja kwetu na kusema kwamba tutaandikwa ndoa mjini bila wao, kwamba amepata kazi Kolwezi na tutakwenda kuishi huko, katika nyumba ya ghorofa ambapo hakuna kuku. Alikuwa amekonda. Alikaa chumbani kwangu, mahali wanapokaa wanawake ninaowasuka, akaongea haraka, na mimi nilikuwa nachambua uzi wa kusukia ambao haukuwa umefungana.

Nilitaka kwenda naye. Hilo naliandika wazi, kwa sababu siku ile sikulisema.

Lakini neno la yule mzee aliyetumwa kwetu, la mtoto, lilikuwa limeingia. Wanawake ninaowasuka huja na watoto wao, na zamani mtoto akilia nilimchukua, nikamweka mgongoni, nikaendelea na kazi. Tangu siku ile sikuweza. Mwanamke akininyooshea mtoto wake, nilisema nina mafuta kwenye vidole, nikasema nina mafua. Nilimwona mtoto, na wakati huo huo nilikiona kile kichwa kimelala juu ya goti langu. Usiku niliikunja mikono chini ya tumbo ili isimguse mdogo wangu tunayelala naye.

Nikamwambia mchumba wangu hayo. Sikumwambia vizuri, nilimwambia, "Na kama tutazaa mutoto?"

Hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alishika mikono yangu yote miwili, akaigeuza, akaitazama ndani na nje.

"Mutoto haiko kuku," akasema.

"Najua."

"Basi, kama unajua?"

Alingoja. Mama aliacha kugonga sufuria huko nje. Alikuwa anangoja pia. Nilijua kwamba mtoto si kuku. Nilijua tangu zamani kwamba hata kuku ni kuku tu, na kujua huko hakujanivusha soko hata asubuhi moja. Nilitaka kumweleza hivyo, lakini mimi maneno huja taratibu, na yeye alikuwa na gari la Kolwezi la kuwahi.

Niliitoa mikono yangu katika yake. Kisha akasimama, akamuaga mama, na mama akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi peke yake.